Lilian Anakuja Mwezi wa Kwanza

Penina Mushumbusi alirudi Bukoba na vyerehani viwili, meza ya kukatia iliyong'olewa miguu ili ienee kwenye buti la basi, na maneno ambayo aliyarudia kwa kila aliyemuuliza habari zake: "Tuko wawili. Mwenzangu Lilian anakuja mwezi wa kwanza."

Aliyasema kwa mwenye nyumba wa Kahororo aliyempangisha fremu. Aliyasema kwa mchoraji wa vibao, akamwandikisha majina yote mawili juu ya mlango kwa rangi ya bluu: Penina na Lilian, Mafundi Sare na Nguo za Harusi. Aliyasema pia kwa mdogo wake Kahigi, aliyekuja kutoka Nshamba kumsaidia kupanga vitu, akakuta dada yake ameacha upande mzima wa fremu, ule wenye dirisha, ukiwa mtupu.

"Hapa utaweka nini?" Kahigi aliuliza.

"Hapo ni pa Lilian. Macho yake siku hizi yanataka mwanga."

Wanawake hao walikuwa wa Muleba wote wawili, Penina wa Nshamba na Lilian wa Ngenge. Walikutana kwenye chuo cha ufundi cha kanisa, wakalala vitanda vya jirani, wakamaliza pamoja, na pamoja wakapanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mwananyamala walipanga chumba kimoja na kulalia godoro moja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Lilian alipomzaa Joanitha, na baba wa mtoto akahama mtaa bila kuaga, Penina ndiye aliyekuwa akimbeba yule mtoto mgongoni huku anakanyaga cherehani, mpaka mtoto akazoea kusinzia kwa mlio ule. Penina mwenyewe hakuolewa. Kulikuwa na bwana mmoja wa Morogoro, mambo yakaenda yakakwama, naye hakuyalilia sana kwa sababu nyumbani hapakuwa na upweke. Joanitha alipoanza kusema alimwita Lilian "mama" na Penina "mama mkubwa", na mtaani hakuna aliyejua kwamba wale hawakuzaliwa tumbo moja.

Baadaye wakapata fremu barabarani. Penina alikata na kushona. Lilian naye alishona, lakini kazi yake hasa ilikuwa watu: kuwapokea, kuwapima, kuwatuliza nguo ikichelewa, kwenda Kariakoo kutafuta vitambaa, na kushughulika na mama mwenye nyumba. Huyo mama alikuwa amehamia kwa mwanawe Mkuranga, na Lilian ndiye aliyekuwa anampelekea kodi. Penina hakuwahi kuona sababu ya kufuatana naye.

Maisha ya Dar yalizidi kubana. Kodi ya chumba ilipanda, umeme ukapanda, maji yakawa ya kununua kwa ndoo kila bomba lilipokauka, na bomba lilikauka mara kwa mara. Penina alikuwa ameanza kuhesabu nyanya sokoni kama mtu anayechagua dhahabu. Kwa hiyo alasiri ile Lilian aliporudi kutoka Mkuranga, akakaa kwenye benchi la wateja bila hata kushusha mkoba begani, Penina aliacha kukanyaga kabla hajaambiwa kitu.

"Ametupandishia," Lilian alisema.

"Sana?"

Lilian akataja. Penina akadhani hajasikia vizuri, akamwomba arudie.

"Hiyo kodi ya fremu hii, au ametuuzia nyumba nzima?"

"Anasema tukiona nzito tumwachie. Wanaoitaka wapo." Lilian alijifuta uso kwa kanga. Kisha akasema kama mtu anayejisemea, "Hivi Penina, tunang'ang'ania nini huku? Kwa nini tusirudi kwetu?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanzia, na kwa wiki nzima yakawa matamu. Lilian aliyapamba. Kahororo kuna shule, alisema, na shule ni sare, kila mwaka watoto wanakua na sketi zinafupika. Fremu kule ni bei ya maji. Mvua inanyesha yenyewe, unakinga tu. Ndizi zitatoka kwa Kahigi, hata hela ya mboga hatutaitafuta. Siku moja alichukua chaki ya kukatia, akachora juu ya kitambaa chakavu meza zitakavyokaa, mlango hapa, dirisha pale, akamwachia Penina nafasi karibu na mlango kwa sababu Penina hapendi joto. Penina alicheka, akamwambia Bukoba hakuna joto la kukimbia. Aliamini kila kitu. Na mengi katika yale maneno yalikuwa kweli, ndiyo maana aliamini.

Wakakubaliana Penina atangulie na vyerehani viwili. Lilian abaki na viwili vingine amalize oda za watu, aage, afungashe, kisha yeye na Joanitha wafuate shule zikifunguliwa. Joanitha alikuwa amemaliza masomo ya ubunifu wa mavazi, akiwa bado hajapata pa kufanyia kazi. Penina alimfundisha kutia zipu tangu akiwa na miguu isiyofika chini, na alifurahi kwamba sasa watakuwa watatu.

Stendi ya Mbezi, asubuhi ya safari, Lilian alilia kilio cha kweli. Joanitha alimning'inia Penina shingoni, akasema, "Mama mkubwa, unisamehe."

"Nikusamehe nini tena?"

"Basi tu. Sikukusaidia kufunga mizigo."

Penina akamfinya shavu, akapanda basi.

Mwanzo wa Bukoba haukuwa mwepesi. Mvua aliyoisifia Lilian ilinyesha mpaka nguo zikagoma kukauka, na yeye, aliyezoea kulala na feni, akaanza kulala na sweta. Kihaya chake kilikuwa kimeota kutu. Alipouliza bei ya ndizi sokoni kwa Kihaya, wauzaji walimjibu kwa Kiswahili, kwa upole, kama wanavyomjibu mgeni, na ule upole ulimuuma kuliko ambavyo angetukanwa. Wateja wa kwanza walikuja na viraka na zipu zilizokufa. Lakini alishona, na kazi ikajisemea yenyewe. Mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alimpa sketi za darasa moja ajaribu, na muhula uliofuata akampa za shule nzima.

Mwezi wa kwanza ulipofika, Lilian alipiga simu. Amepata oda ya harusi, nguo za wasimamizi na kamati, hawezi kuitupa. Mwezi wa pili Joanitha alikuwa na homa. Baada ya Pasaka ilikuwa gari la mizigo, wenye magari wanataka bei za ajabu. Kila mara sauti yake ilikuwa na haraka, nyuma yake cherehani kinalia, na kila mara Penina alimwambia, "Usijali, wangu, nafasi yako ipo." Halafu simu zikapungua. Halafu zikawa zinaita bila kupokelewa, na baadaye unakuja ujumbe mfupi: niko bize, nitakupigia.

Bwana mmoja muuza madaftari na kalamu alimwomba Penina ampangishe ule upande wa dirisha. Penina alikataa.

"Hapo pana mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe yuko wapi, mama? Tangu nihamie mtaa huu sijamwona."

"Yuko njiani."

Kahigi naye alimuuliza, na Klaudia, mke wa Kahigi, akauliza kwa namna yake, akitazama kile kibao juu ya mlango kisha akitazama pembeni. Penina aliwajibu wote kwa ukali kidogo. Alimtetea Lilian kama mtu anavyomtetea ndugu.

Aliyemfungua macho alikuwa Renatha, nesi wa Dar, mzaliwa wa Bukoba, mteja wao wa zamani wa Mwananyamala. Alikuja likizo mwishoni mwa mwaka, wakati senene, wale panzi wa kuliwa, wameingia na mji mzima unanukia kikaango. Aliingia kwenye fremu na fuko la senene wa kukaanga mkononi, akamkumbatia Penina, akashangaa.

"Kamwaitu, ndugu yangu! Dada Penina! Kumbe umenawiri hivi! Na mume je, yuko wapi nimsalimie?"

"Mume gani?"

Renatha alicheka, akadhani ni utani. Alipoona Penina hacheki, na yeye akaacha. "Si Lilian alituambia umepata mchumba huku, mjane mwenye kahawa zake? Kwamba umechoka na Dar, umeomba mwenyewe kuondoka? Tukasema jamani, hata kutuaga!"

Penina alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini.

"Lilian bado yuko pale?" aliuliza.

"Pale pale. Amepapaka rangi, ameweka kioo mbele na taa nzuri. Siku hizi ni duka la Joanitha, jina lake liko juu kubwa. Hili gauni wamenishonea wao." Renatha alishika pindo la gauni lake, kisha akaliachia. "Dada, kwani nimesema kitu kibaya?"

"Hapana, Renatha. Kaa, nikupe chai."

Alimpa chai. Waliongea habari za hospitali, za joto la Dar, za wazee waliokufa. Renatha alipoondoka, Penina alifunga mlango mchana kweupe, akatafuta kwenye simu yake namba ya mama mwenye nyumba. Hakuwa na uhakika kama bado inatumika. Iliita, na yule mama akapokea mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Ni Penina, fundi wako wa Mwananyamala."

"Marahaba, mwanangu! Penina! Wewe mtoto, unaondoka hata kwaheri hunipi? Nilikusikitikia. Miaka yote ile!"

"Mama, nisamehe. Nilitaka kukuuliza. Ile kodi uliyotupandishia, ndiyo hiyo hiyo mpaka leo?"

"Nimempandishia nani?"

"Sisi. Fremu."

"Mimi?" Sauti ya yule mama ilipanda. "Penina, mimi sijapandisha kodi ya fremu ile tangu marehemu mume wangu yuko hai. Wanangu wananigombeza kila siku, wanasema nawapa watu bure. Nani kakwambia maneno hayo?"

Penina alisema pengine alisikia vibaya, akamtakia afya njema, akakata simu.

Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, pale pale Lilian alipomchorea kwa chaki. Kilichomjia kwanza hakikuwa hasira, ilikuwa aibu. Aliwafikiria wote aliowaambia "mwenzangu yuko njiani", mmoja baada ya mwingine, na uso ukamwaka moto. Kisha akamkumbuka Joanitha stendi akisema unisamehe. Kwa hiyo mtoto alijua. Walikuwa wameyazungumza wao wawili, pengine kwenye chumba kile kile, yeye akiwa bafuni au amekwenda dukani kununua chumvi, na aliporudi wakabadilisha maneno wakamkaribisha chakula. Hilo ndilo lililomtoa machozi.

Kesho yake alipanda kwenye stuli na kisu cha jikoni, akaanza kukwangua jina la Lilian kwenye kibao. Ilikuwa saa ya wanafunzi kutoka shule, barabara imejaa. Muuza madaftari alisogea akamshikia stuli isiyumbe. Wiki ile ile akahamia upande wa dirisha na makabati yake.

Penina alimpigia Lilian siku nyingi mfululizo. Simu haikupokelewa. Alimwandikia ujumbe mmoja tu: nimeongea na mama wa Mkuranga. Hakujibiwa.

Walikuja kuonana msibani. Baba yake Lilian alifariki huko Ngenge, na habari zilimfikia Penina kupitia kwa mchungaji. Kahigi alimwambia, "Usiende. Nani atakulaumu?" Penina akasema mzee yule alimpokea kama binti yake kila alipomtembelea, hawezi kumzika kwa mbali kwa sababu ya makosa ya mwanawe. Alivaa kanga, akaenda. Alimenya ndizi na wanawake wengine, akachota maji, akakaa na wafiwa.

Lilian alifika kutoka Dar siku ya mazishi, amevimba macho. Alipomwona Penina kati ya wale wanawake alisimama, kisha akamwangukia mzima mzima, analia kwa sauti, "Penina, baba ameniacha! Penina!" Watu wakawa wanatazama. Mikono ya Penina ilimpokea. Ilimzunguka na kumpapasa mgongo kama ilivyozoea, kana kwamba haikuwa imeambiwa habari yoyote, na Penina aliichukia mikono yake saa ile.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu walipopungua, Penina alimkuta Lilian nyuma ya nyumba akianika vyombo, mbele yao shamba la mahindi.

"Nakuuliza mara moja tu," Penina alisema. "Nilikukosea nini?"

Lilian hakukana. Hilo Penina alimhesabia. Aliweka sufuria chini, akakaa kwenye gogo.

"Hukunikosea kitu. Ni mtoto. Alimaliza chuo, akazunguka kila mahali, hana pa kushika. Kila siku ananiambia, mama, nipe ile fremu niigeuze. Anataka mambo ya kisasa. Na wewe uko pale. Ningekuambiaje? Penina nipishe?"

"Ndiyo. Ungeniambia Penina nipishe."

"Nilishindwa. Nilikuwa nakuangalia unavyomtilia Joanitha chakula, nashindwa. Nikaona bora nikutafutie njia nzuri. Sikukutupa porini, nilikuelekeza kwenu. Na vyerehani viwili nilikupa vile vizima."

"Ulinipa?"

"Tuligawana, basi." Lilian alifuta pua. "Na tazama sasa. Nasikia unashonea shule. Nasikia huna fremu tu, umenunua na kiwanja. Kama si mimi ungekuwa bado Mwananyamala unanunua maji kwa ndoo. Kwa nini hulitazami hilo?"

Penina alitaka kusema mengi, ya godoro, ya mtoto mgongoni, ya mume wa kahawa aliyezushiwa. Maneno yakamjia yote kwa pamoja, na hakuna lililotangulia.

"Niliwaambia watu unakuja," alisema mwishowe. "Mwaka mzima, Lilian. Niliwaambia unakuja, nikakwambia kwenye simu nafasi yako ipo, na wewe ulikuwa unanisikia."

Akaingia ndani kuaga wafiwa, akarudi Bukoba.

Tangu hapo kilichomchosha zaidi ni watu. Kila aliyeisikia habari ile aliishia pale pale alipoishia Lilian. Klaudia alisema Mungu ana njia zake. Mwanamke mmoja aliyeimba kwaya na Penina alisema ampigie Lilian amshukuru, amuaibishe kwa wema. Hata Kahigi, baada ya kuona kiwanja kimepandwa migomba na msingi umechimbwa, alisema, "Lakini dada, kusema haki, kuhama kumekufaa."

"Kumenifaa," Penina alimjibu. "Na ningehama hata kwa kuambiwa ukweli. Angenipa nafasi ya kumpisha mtoto kwa hiari yangu. Ningempisha, Kahigi. Hilo ndilo hamtaki kulisikia."

Yule mama wa Mkuranga alifariki mwaka uliofuata, na wanawe hawakuwa na huruma yake. Fremu zote za nyumba ile walizivunja wajenge ghorofa. Lilian alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imepungua ile haraka.

"Penina, Dar hapakaliki sasa. Kweli kabisa safari hii. Joanitha ameajiriwa kwenye duka la mtu, na mimi nimebaki na vyerehani sebuleni. Nawaza kurudi."

"Rudi. Ni kwenu."

"Nilitaka kujua... huko Kahororo..."

"Huko Kahororo nimepangisha nusu. Muuza madaftari hajambo, analipa vizuri. Sikuzuii mji, Lilian. Rudi utafute fremu. Ila mimi usinihesabu."

Lilian alirudi, akafungua fremu Muleba mjini, si mbali na stendi. Wanasema anafanya vizuri, na haishangazi, watu anawajua. Huonana na Penina kwenye harusi na misiba ya Walutheri wenzao. Lilian humsalimia kwa jina, Penina huitikia salamu, huuliza habari za Joanitha, husikia kwamba hajambo, na hapo huwa pameisha. Joanitha mwenyewe hajawahi kupiga simu. Penina huichukua simu yake mara moja moja akitaka kumpigia yeye, kisha huirudisha mezani.

Juzi wazazi wa mwanafunzi mmoja walikuja kuchukua sare. Mama wa mtoto aligeuza kola ya shati, akaitazama ndani na nje, jinsi ilivyolala bila kunyanyuka pembe. Akasema hajaona kola ya namna hiyo Bukoba nzima.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

Ni Lilian aliyemfundisha, chuoni, wakiwa wasichana, kwenye shati la kuazima la mlinzi. Walilifumua na kulishona upya mara nyingi hata mlinzi akaja kulidai.

"Nilijifunza tu mwenyewe," Penina alisema, akalikunja shati, akaliweka kwenye mfuko.